Kwaresima ya Moshi

Jumanne, 24 Februari 2004

Nesi wa zahanati amesema anayetaka kuacha sigara aandike kila siku, japo mstari mmoja, ili mkono upate shughuli. Haya, mkono unaandika.

Mimi ni Dympna Boyce. Nina miaka hamsini na mitatu, na nimevuta tangu nina kumi na sita. Kwa miaka thelathini na mmoja nimekaa mashine ya nne katika kiwanda cha soksi hapa Drumkeelan, nikishona ncha za soksi pale vidole vinapokaa. Mashine ya tano anakaa Assumpta Harkin. Tumevuta pamoja muda wote huo. Marehemu mumewe alikuwa akisema gizani hawezi kujua yupi kati yetu ndiye mkewe, maana tunanuka sawa.

Leo tumekula chapati za maji kwa limau na sukari, kama kila mwaka kabla ya Kwaresima. Baada ya chakula nimevuta saba. Condy, mume wangu, alikuwa ananihesabia. Yeye aliacha miaka kumi na mmoja iliyopita, Jumatatu moja asubuhi, kama mtu anayevua koti, na mpaka leo hawezi kuelewa shida yetu sisi wengine ni nini.

Jumatano ya Majivu, 25 Februari

Chumba cha moshi kiko kati ya kantini na vyoo. Kuta zake zilikuwa nyeupe, sasa zina rangi ya chai ya maziwa. Humo tumepanga migomo miwili, harusi nyingi na talaka moja. Tarehe 29 Machi kitafungwa, kwa kuwa serikali imepitisha sheria: hakuna kuvuta ndani ya mahali pa kazi popote nchini, hata kwenye baa. Tunataka tujengewe kibanda nje, kwa sababu mvua ya hapa kwetu Donegal hainyeshi tu, imehamia. Assumpta ndiye mwakilishi wetu, na ndiye anayekwenda kwa meneja, Bwana Lorcan Tierney, kudai kibanda hicho. Bwana Tierney ana miaka hamsini, hajaoa, anaishi na mama yake, na jibu lake kwa kila kitu ni kwamba anasubiri makao makuu.

Leo wakati wa mapumziko ya saa nne, sote tukiwa na majivu kwenye paji la uso, Assumpta alizima sigara yake akapanda juu ya kiti.

"Jamani, sikilizeni. Hiyo ndiyo ya mwisho. Mimi na Dympna tunaacha leo mpaka Pasaka."

Mimi jana nilisema "tutaona". Sasa wanawake arobaini wananitazama, na mimi nina sigara mdomoni.

"Dympna naye?" akauliza Majella Sweeney wa idara ya kupakia. Majella ana miaka ishirini na sita, na mdomo wake hauna mlango. "Dympna akiacha, mimi naingia utawa."

"Nenda kapimwe kanzu, mama," nikamwambia, nikaizima.

Ilikuwa imebaki nusu. Nimeiwaza ile nusu siku nzima.

Alhamisi, 26 Februari

Nimeshona ncha mbili za soksi zikashikana. Msimamizi ameuliza soksi hiyo ni ya nani. Nimemwambia ya nguva.

Ijumaa, 27 Februari

Nimekula mkate mzima. Condy ameuliza kama tulipata wageni.

Jumatatu, 1 Machi

Tumekuwa watakatifu. Majella anatuletea chai mezani. Wasichana wa kupakia wanatuonyesha kwa vidole kama sanamu za kanisani. Bwana Tierney mwenyewe amepita akasema, "Hongereni, mama zangu," akakohoa, akaenda zake.

Kinachonikera ni Assumpta. Ametulia. Anashona, anaimba kidogo puani, anashona. Nimemuuliza anafanyaje.

"Hamu ikija naiambia subiri," akasema.

"Na inasubiri?"

"Inasubiri. Kwani yako haisubiri?"

Nimemwambia yangu pia inasubiri. Yangu inanivuta nywele.

Alhamisi, 4 Machi

Mvua. Nimevaa lile koti la mvua la zamani, na ndani ya mfuko, chini kabisa, kwenye bitana iliyotoboka, vidole vyangu vimekutana na sigara moja. Imepinda, imelowa kidogo, imezeeka. Kama mimi.

Mpaka saa sita nimeishika tu. Saa sita na dakika tano nilikuwa ndani ya ghala la nyuzi.

Ghala liko mkabala na vyoo, na halifungwi mchana. Ndani kuna marobota ya pamba na sufu mpaka darini, na juu kabisa ukutani kuna kidirisha kinachotazama uani. Mlangoni pamebandikwa tangazo jekundu: atakayewasha moto humu anafukuzwa kazi siku hiyohiyo. Ni tangazo la haki kabisa. Pamba haina subira na moto. Nimepanda marobota matano kwa magoti yangu haya, nimefungua kidirisha, nimetoa kichwa nje kama farasi kwenye zizi lake, nikavuta.

Mungu anisamehe. Ilikuwa tamu mpaka machozi yakanitoka.

Ijumaa, 5 Machi

Tena, kile kipande nilichobakiza jana.

Jumamosi, 6 Machi

Nimepanda basi mpaka Letterkenny kununua pakiti, maana hapa Drumkeelan nikinunua saa tatu, saa tatu na nusu Majella anajua. Nimeingia duka ambalo sijawahi kuingia. Nimelipa, nimegeuka, na nyuma yangu kwenye foleni amesimama Baba Devenney, paroko wetu, ameshika gazeti na maziwa.

"Dympna," akasema, akiitazama pakiti.

"Za Condy, Baba," nikasema.

Sijui ilitoka wapi. Ilitoka yenyewe, imeshavaa viatu.

"Condy karudia? Baada ya miaka yote hiyo?"

"Baba, ni siri. Anaona aibu sana."

Padri alitikisa kichwa kwa huzuni, akasema atamwombea.

Jumatatu, 8 Machi

Assumpta: "Unanuka dawa ya meno."

Mimi: "Napiga mswaki sana siku hizi. Nesi kasema."

Assumpta: "Nesi hajaniambia mimi."

Mimi: "Wewe meno yako mazuri."

Ya bandia, yale. Aliniangalia muda mrefu kidogo.

Alhamisi, 11 Machi

Nimegundua jambo, na moyo wangu umekuwa mwepesi kuliko wiki nzima hii.

Kila siku saa tisa Assumpta anazima mashine yake na kuondoka. Anarudi baada ya dakika ishirini, amechangamka, macho yanang'aa. Mtu hachangamki hivyo kwa kwenda chooni. Leo nimemfuata kwa mbali. Ameingia ofisini kwa Bwana Tierney bila kubisha hodi, mlango ukafungwa, na pazia la kioo cha mlangoni likavutwa.

Bwana Tierney anavuta. Sote tunajua, vidole vyake ni vya njano. Basi mambo ni wazi. Mtakatifu Assumpta anakwenda kuvuta kwa meneja, kwenye kiti cha ngozi, na mimi napanda marobota.

Ijumaa, 12 Machi

Nimemwambia Majella tukiwa tunanawa mikono. Sikusema mengi. Nimesema tu, "Umewahi kujiuliza Assumpta anakwenda wapi saa tisa? Kwa meneja, mwenzangu. Na pazia linafungwa."

Nilitaka aseme, "Kumbe anavuta." Ndicho kitu pekee nilichotaka.

Majella akafunga bomba, akajifuta kidole kimoja kimoja. "Yesu na Maria," akasema taratibu. "Na yule mama yake ana miaka themanini na sita. Itamuua."

Jumapili, 14 Machi

Baada ya misa Baba Devenney amemshika Condy mkono kwa mikono yake yote miwili. "Usikate tamaa, Condy. Kuanguka kupo. Kusimama ndiyo kazi."

Condy akasema, "Asante, Baba," kwa sauti ya mtu aliyepewa risiti ya mwingine.

Tuliingia garini tukafika darajani. Kisha akauliza, "Sasa nitalazimika kuacha tena?"

Nimemweleza yote. Nilidhani atanihubiria, kwa sababu kuhubiri kuhusu sigara ndiyo starehe yake pekee tangu auze ng'ombe. Ameendesha tu. Tulipofika nyumbani akasema, "Unapanda marobota kwa magoti hayo?" akaenda kuniwekea chai.

Jumatatu, 15 Machi

Uvumi wa asubuhi: Assumpta na meneja wanapendana.

Uvumi wa mchana: wamechumbiana, pete imefichwa kwenye droo ya mafaili.

Uvumi wa jioni: harusi ni baada ya Pasaka, na mama wa meneja amegoma kula.

Nimejaribu kumwambia Majella kwamba nilimaanisha sigara. "Sigara?" akasema. "Assumpta kaacha sigara, Dympna. Kama wewe." Nikarudi kwenye mashine yangu.

Jumatano, 17 Machi

Sikukuu ya Mtakatifu Patriki. Siku hii mfungo unalegezwa, kila mtu anajua, hata maaskofu. Nimevuta mlangoni kwangu hadharani, kama mfalme. Nikamwona Assumpta akipita kwenda kwenye gwaride, nikamwonyesha pakiti.

"Leo ruksa, mwenzangu. Njoo."

"Nikiwasha leo, kesho sitaweza," akasema, akaendelea na njia yake.

Majirani watatu wamemletea Condy peremende za kumsaidia kuacha. Amezipokea zote na kuwashukuru.

Jumatatu, 22 Machi

Mambo yamechacha. Imebaki wiki moja sheria ianze na kibanda hakipo. Assumpta ametuambia makao makuu bado hayajajibu. Zamani tungeyatukana makao makuu. Leo wanawake wametazamana, na sauti moja kutoka nyuma ikasema, "Labda wawakilishi wengine wameshapata joto lao, hawahitaji kibanda."

Assumpta akawa mwekundu mpaka masikioni. Alirudi kwenye mashine yake akashona bila kuimba.

Nimemwinamia nikamuuliza, "Unakwenda kufanya nini kule?"

"Kuna mtu nimempa neno langu, Dympna. Silivunji."

"Hata kwangu?"

"Wewe una neno lolote ambalo hujaniambia?"

Nimesema hapana, huku nina peremende mbili mdomoni.

Alhamisi, 25 Machi

Mvua. Soksi za kijivu. Saa tisa akaondoka, na mashine zote zikapunguza mwendo kumsindikiza.

Jumatatu, 29 Machi

Sheria imeanza leo. Chumba cha moshi kimefungwa kwa kufuli, na mlangoni mtu amebandika shada la maua ya plastiki. Saa nne wanawake thelathini na nane walitoka nje wakajibanza kwenye ukuta wa geti, na mbingu ikafungua mvua ya mawe. Kila aliyewasha, jiwe likamzimia. Majella alirudi ndani na sigara tatu zilizolowa na maneno ambayo siyaandiki wakati wa Kwaresima.

"Hii," akasema, akizinyanyua sigara zile juu, "hii ndiyo kazi ya mwakilishi wetu."

Wakapiga meza. Assumpta alikuwa anakula mkate wake peke yake. Nilitaka kwenda kukaa naye, miguu ikakataa. Ningekaa pale kama nani?

Jumanne, 30 Machi

Andika vizuri, Dympna, usiruke kitu.

Leo nilikawia, nikaingia ghalani saa tisa badala ya saa sita. Nikapanda, nikafungua kidirisha, nikawasha. Kidirisha hiki kinatazama ua mwembamba, na ng'ambo ya ua, chini kidogo, kuna dirisha la ofisi ya meneja. Saa sita huwa hakuna mtu mle, yuko kwenye chakula. Leo taa ilikuwa inawaka. Pazia la mlangoni lilikuwa limefungwa, lakini dirisha la uani lilikuwa wazi kiasi cha mkono, maana nani angemwona mtu kutoka huku? Labda njiwa.

Bwana Tierney alikuwa amekaa, ametoa ncha ya ulimi nje, ameshika sindano mbili za kufumia. Meneja wa kiwanda kinachotoa soksi elfu sita kwa siku alikuwa anafuma soksi. Ilikuwa ya bluu. Ilikuwa na umbo la kiazi. Assumpta amekaa mbele yake, na kati yao sahani ya karoti zilizomenywa.

"Umeruka tundu jingine," Assumpta akasema.

"Wapi?"

"Pale. Fumua."

"Yote?"

"Mpaka kisigino."

Akafumua bila kubisha. Akachukua karoti, akaitia pembeni ya mdomo, akaivuta, akakumbuka, akaitafuna.

"Leo asubuhi nimemfokea mama kwa ajili ya yai," akasema.

"Yai lilikuwa na nini?"

"Halikuwa na kitu."

"Siku ya ngapi leo?"

"Ya thelathini na tano. Daktari anasema mapafu yangu yanataka mwaka mzima." Akazungusha uzi kidoleni. "Bi Harkin, wale wanawake wanasema mambo. Nimesikia. Kama unataka kuacha kuja..."

"Nani atakuangalia saa tisa?"

"Hakuna."

"Basi fuma."

"Naomba tu usiwaambie. Nawasimamia watu mia moja na ishirini. Wakijua nalia kwa ajili ya sigara..."

"Nilikwisha kukuahidi, Bwana Tierney. Mimi siahidi mara mbili."

Sigara yangu iliungua mpaka kidoleni. Nina lengelenge sasa, ndiyo maana mwandiko huu ni mbaya. Nilishuka kwenye marobota nikakaa sakafuni. Hakuvuta. Hata mara moja hakuvuta. Mimi ndiye niliyemtengenezea jina lile, kwa mkono uliokuwa unanawa, ili nisiwe mwovu peke yangu.

Jumatano, 31 Machi

Majella anazungusha karatasi. Ijumaa wakati wa chakula kuna mkutano wa kumwondoa mwakilishi. Kalamu ilinifikia. Nimesema lengelenge linaniuma.

Alhamisi, 1 Aprili

Nimemwambia Condy. Nikisema nilichokiona, wataniuliza nilikuwa wapi. Nikisema nilikuwa wapi, kazi sina. Nikinyamaza, Assumpta anaanguka, na hatajitetea, kwa sababu ametoa neno lake kwa mtu mwenye soksi ya kiazi.

Condy alikuwa anamenya viazi vya kweli. "Parokia nzima inaniombea niache sigara," akasema. "Mzee Boner kanipa medali ya Mtakatifu Yuda, yule wa mambo yaliyoshindikana. Sijalalamika, sivyo?"

"Hujalalamika."

"Kwa sababu ni mimi na wewe. Yeye je, ni nani wako?"

Akaendelea kumenya. Miaka thelathini nimemwona huyu mtu kama redio inayosema jambo moja. Nimekuwa nasikiliza vibaya.

Ijumaa, 2 Aprili

Kantini ilijaa. Hata wa idara ya rangi walikuja, ambao kwa kawaida hawaji hata kukiwa na keki. Majella alisimama juu ya kiti. Alisema hana chuki na mtu, kisha akasema mambo ya dakika kumi. Kwamba mwakilishi haendi kwa meneja kila siku kwa pazia lililofungwa. Kwamba kibanda kimeuzwa.

"Ujitetee, Assumpta," mtu akasema.

Assumpta alisimama. Alikuwa amevaa ile sweta yake ya kwendea misa. "Sina mengi," akasema. "Kinachofanyika mle hakina ubaya, wala hakihusu kibanda. Zaidi ya hapo siwezi kusema. Mnanijua miaka yote hii. Kama haitoshi, haitoshi." Akaketi.

"Wanaotaka aondoke wanyanyue mikono," akasema Majella.

Mikono ilianza kupanda. Mimi nikanyanyua wangu, na nikaona Assumpta ananiona. Sitaki kumwona tena mtu akinitazama vile.

"Siyo wa kura," nikasema. "Naomba kusema."

Nikasimama.

"Bwana Tierney anafuma," nikasema.

Mtu akauliza, "Anafanya nini?"

"Anafuma soksi. Ameacha sigara siku ileile tuliyoacha, na saa tisa inamshinda, basi Assumpta anamfundisha kufuma na wanakula karoti. Hakuna kingine. Soksi yenyewe mbaya sana."

"Dympna," Assumpta akasema kwa sauti ya chini. "Nyamaza."

"Wewe uliahidi. Mimi sikumwahidi mtu."

Majella akanikazia macho. Msichana yule si mjinga, ni mwepesi tu. "Umeonaje, na pazia limefungwa?"

"Kwa kidirisha cha ghala la nyuzi."

"Kile kiko juu darini. Ulikuwa unafanya nini juu ya marobota?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango wa kutokea. Ningeweza kusema nilifukuza njiwa. Nilikuwa nimemwandaa kabisa huyo njiwa, asubuhi, bafuni.

"Nilikuwa navuta sigara," nikasema. "Na maneno ya pazia ni mimi niliyeyaanza, kwenye sinki. Nilitaka ionekane naye anavuta. Havuti. Hajavuta hata moja."

Hakuna aliyecheka. Assumpta ndiye aliyeuliza, bila kunitazama.

"Tangu lini?"

"Tangu tarehe nne Machi."

"Kila siku?"

"Isipokuwa Jumapili. Jumapili navuta bafuni kwangu."

"Na zile za Condy?" akauliza Bi Gildea wa idara ya rangi, dada wa mpishi wa padri.

"Condy hajavuta tangu mwaka tisini na tatu. Mrudishieni heshima yake. Peremende ameshazila."

Kicheko kikaanzia nyuma, kikaja mbele kama maji. Majella alikalia kile kiti alichokuwa amesimamia, akacheka na kufunika uso. Kisha akasimama tena akasema, "Wanaotaka Assumpta abaki?" Mikono ikapanda yote, wake ukiwa wa kwanza.

Assumpta alisema, "Nashukuru." Akakunja karatasi ya mkate wake mara nne. Alipita mbele yangu kama mtu anavyopita mbele ya kabati.

Jumatatu, 5 Aprili

Nimeitwa ofisini. Bwana Tierney alikuwa amesimama dirishani, akipima kwa macho umbali wa kidirisha cha ghala.

"Bi Boyce, kwa sheria za kiwanda nakufukuza leo."

"Najua, Bwana Tierney."

"Ungeweza kutuchoma sote mia na ishirini. Kwa sigara moja."

"Najua hilo pia." Na nilijua. Tangu Jumanne nimeliwaza kila ninapofumba macho.

Alikaa. Akavuta droo, akatoa karoti, akairudisha. "Tangu Ijumaa, wanawake kumi na tisa wamekuja kuiangalia ile soksi," akasema. "Mmoja alinirekebishia kisigino. Mmoja amekiri kwamba yeye pia hulia. Nilidhani nitadharauliwa, na badala yake nimeletewa uzi." Alisugua macho. "Mama ameichukua. Anafunikia buli la chai."

Nimesema buli lina bahati.

Adhabu yangu: barua ya onyo la mwisho, ghala lina kufuli, na ninahamishwa kutoka mashine ya nne kwenda mashine ya kumi na tisa, karibu na mlango, penye upepo. Nimeshika kitasa kutoka, akaniita.

"Bi Boyce. Ilikuwa ya aina gani? Yenye chujio au isiyo na chujio?"

"Isiyo na chujio."

Akafumba macho kidogo. "Nenda kazini," akasema.

Jumanne, 6 Aprili

Mashine ya kumi na tisa. Jirani yangu ni nguzo.

Jumatano, 7 Aprili

Condy amerudisha medali ya Mtakatifu Yuda kwa Mzee Boner. Mzee amemwambia abaki nayo, kwa jinsi alivyooa.

Assumpta hajaniambia neno tangu Ijumaa. Saa tisa bado anaondoka, sasa mlango ukiwa wazi, na wasichana wawili wa kupakia wanamfuata na sindano zao. Nasikia wanaimba. Makao makuu yamejibu: kibanda kitajengwa Juni, wakati mvua imepungua.

Alhamisi Kuu, 8 Aprili

Siku ya mwisho ya kazi kabla ya Pasaka. Sioni sababu ya kujificha tena, basi mapumziko ya saa nne nimetoka na wengine. Mvua ilikuwa ya kulala, inakuja kutoka ubavuni. Majella na wenzake walikuwa chini ya turubai waliloliiba kutoka idara ya rangi. Waliniita. Nimewaambia nipo sawa, nikasimama upande wa pili wa geti, nikapata moto kwenye njiti ya nne ya kiberiti.

Nilisikia mlango. Sikugeuka. Nilisikia viatu vyake, navijua kuliko vyangu. Assumpta alikuja na mwavuli akasimama kando yangu, tukatazama sote barabara isiyo na kitu.

Tulikaa hivyo muda wa kufika nusu ya sigara.

"Nimekutungia maneno mengi," nikasema mwishowe. "Hakuna hata moja zuri."

"Usiyaseme basi."

"Nimekukosea, Assumpta."

"Umenikosea sana." Akahamisha mwavuli mkono mwingine. "Na uliponyanyua ule mkono, nilidhani nitakufa palepale. Nataka ulijue hilo."

"Nimelijua."

Gari la maziwa likapita. Likaturushia maji, hakuna aliyesogea.

"Sijaja kwa ajili yako," akasema.

"Sawa."

"Siku ya arobaini na nne leo. Nimekuja kunusa." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeagiza nyama buchani. "Na wewe umesimama vibaya. Upepo unaupeleka wote kwa Majella."

Nikageuka. Nikapuliza taratibu, upande wake. Assumpta alifumba macho na kunyoosha shingo, mvua ikimpiga shavuni, na uso wake ukalegea kidogo kidogo, kwanza paji, kisha mdomo. Mwavuli ukasogea. Ulinifika begani tu, nusu ya kichwa ikabaki nje inalowa.

Nikanyanyua mkono nivute tena.

"Polepole," akasema, macho bado yamefungwa. "Usiimalize haraka."